Bidhaa Ikifa, Msumari Ubaki

Vijana wangu mnaouza bidhaa mtandaoni, mliojibana na maboksi yenu ghorofa ya tano hapo Kariakoo, hamjambo? Najua mngenipa shikamoo, kwa hiyo marahaba, tusipotezeane muda. Jina langu Athumani. Lakini ukiuliza Athumani kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Sikukuu utaletewa Athumani kumi na wawili na mimi sitakuwemo. Uliza Kibao. Hapo hata mwenye mkokoteni atasimama akuonyeshe kwa kidevu nilipokuwa nakaa.

Hilo jina nilipewa na soko, kwa sababu ya kazi yangu. Na kazi yangu, kwa miaka thelathini na ushee, ilikuwa moja tu: kumwambia mteja kwamba alichokifuata hakitengenezwi tena, halafu kumpeleka penye kitu kitakachomfaa. Nilianza kwa misumari na vipande vya maboksi, nikamalizia kwenye kompyuta. Wenye vyeti walikuja dukani kunifundisha, wakaondoka wameandika maneno yangu kwenye madaftari yao. Sijisifu, nasema kilichotokea.

Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba nililisoma nikiwa nimekaa dirishani natazama mikorosho. Nilitoka Newala na suruali mbili, moja nimeivaa. Dar niliyoikuta ilikuwa inafunguka kama boksi lililokatwa kamba. Milango ya biashara ndiyo kwanza imeachiwa. Kabla ya hapo, wakubwa wenu watawaambia, mtu alipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na sabuni ilikuwa ya aina moja. Isipokuwepo, unasubiri. Hakuna aliyesema sabuni hii imeachwa kutengenezwa. Itakuja, au haitakuja, basi.

Sasa soko likawa huria, na vitu vikaanza kumiminika kutoka Dubai, Bombei, Hongkongi, sijui wapi. Redio za mikanda miwili. Chupa za chai zenye maua. Majiko ya mafuta ya taa ya kila umbo. Wiki hii inaingia taa ya chapa hii, mwezi ujao wakala amehamia chapa nyingine, na vipuri vya ile ya kwanza ndiyo vimekwisha duniani. Mimi nawaambia, vijana, bidhaa zilianza kufa siku zilipoanza kuwa nyingi. Na zikifa zinaacha wajane: wateja.

Niliajiriwa na Mzee Jamnadas, duka la vipuri vya cherehani, taa na majiko. Alikuwa Mhindi wa Upanga, mzaliwa wa hapahapa, mwembamba kama fimbo ya mkwaju. Kila asubuhi alitembea kwa miguu kutoka Upanga na mwavuli wake, iwe jua, iwe mvua. Dukani kwake kulikuwa na ukuta mmoja mzima wa misumari. Kila kipuri kina msumari wake, na kwenye msumari kinaning'inia kimoja cha mfano. Mafundi cherehani walikuwa wanaingia, hawasemi hata neno, wananyoosha kidole ukutani.

Wiki yangu ya kwanza, nikiwa na bidii ya mgeni, niliona misumari kama kumi haina kitu. Nikachukua koleo, nikaing'oa yote, nikaziba na matundu kwa sabuni. Nikasimama kando nasubiri kusifiwa.

"Athumani, umeng'oa nini?"

"Misumari, tajiri. Bidhaa zake zimekwisha."

"Na wateja wake wamekwisha?"

Mzee akavuta kiti, akakaa, akanionyesha ukuta kwa ncha ya mwavuli.

"Kuna fundi yuko Kilwa. Miaka kumi anajua kipuri chake kinakaa hapa, mstari wa tatu, karibu na swichi ya taa. Anapanda basi, anakuja, anatazama hapa. Anakuta ukuta mtupu umepakwa sabuni. Atafikiri nini?"

"Kwamba duka limekufa, tajiri."

"Au kwamba yeye ndiye amekufa, sisi hatumkumbuki. Rudisha misumari. Bidhaa ikifa, msumari ubaki."

Nikairudisha yote kumi. Na kwenye kila msumari nikaning'iniza kadi ya boksi yenye maelezo aliyoniambia Mzee, mteja achukue nini badala yake au aende wapi. Hapo, mabwana wakubwa wa mtandao, ndipo nilipojifunza kazi mnayoiita kwa majina magumu. Ukurasa wa bidhaa ni msumari. Bidhaa ikiachwa, ukurasa usiufute, kwa sababu kuna mtu ameihifadhi ile linki kwenye simu yake, mwingine alitumiwa na shemeji yake mwaka juzi, na ile mitambo ya kutafutia bado inawaleta watu palepale. Ukifuta, wanakutana na maandishi ya "ukurasa haupatikani". Huo ni ukuta uliopakwa sabuni.

Mzee alikuwa na taratibu zake na hazikuvunjwa. Kama bidhaa iko njiani, meli imechelewa, kadi iliandikwa kwa chaki: "Subiri, chukua hii kwa sasa." Kama imekufa kabisa, kadi iliandikwa kwa wino. Miaka mingi baadaye mtaalamu mmoja alitumia asubuhi nzima kunieleza tofauti ya namba mia tatu na moja na mia tatu na mbili, kwamba moja inaiambia mitambo kuwa ukurasa umehama moja kwa moja, nyingine kuwa umehama kwa muda. Nikamwacha amalize, nikamwambia, "Mwanangu, umemaliza? Hiyo ni wino na chaki." Alicheka mpaka akavua miwani.

Na kulikuwa na kadi za aina ya tatu, chache, zenye mstari chini: "Hakuna mfano wake." Hizo Mzee alizipenda kuliko zote, kwa sababu zilikuwa za ukweli.

Lakini jambo kubwa lilikuwa kaki. Juu ya kaunta zilifungwa cherehani tatu za zamani, na mojawapo ilikuwa Tausi nyeusi, ya miguu, yenye ndege wa rangi ya dhahabu ubavuni. Hakuna kadi ya cherehani iliyoandikwa wino mpaka kile kipuri mbadala kimetiwa kwenye mashine na kushona kitambaa cha kaki urefu wa kiganja. Kile kipande cha kaki kilibanwa nyuma ya kadi kwa pini. Fundi akikubishia, unageuza kadi, anaona mshono. Hapo hana neno.

Mimi niliona ni kupoteza muda. Mtu mwenye jicho kama langu ashone kaki ya nini?

Jicho langu hilo liliwahi kuniaibisha mbele ya mtaa mzima, na niwasimulie, maana nikificha hili mtafikiri nilizaliwa na akili. Vioo vya karabai vilikuwa vimetuishia. Nikaandika kadi haraka: "Nenda kwa Mpemba, Mtaa wa Narung'ombe." Sikwenda kuangalia, nilijua tu anauza taa. Akaja mzee mmoja kutoka Rufiji, kanzu imelowa jasho, nikampa maelekezo kwa madaha. Baada ya muda akarudi. "Mpemba ameniambia nije kwa Jamnadas." Nikamwambia kamuulize vizuri. Akaenda. Akarudi. Mara ya tatu wapiga debe na wachukuzi walikuwa wameshamjua, wanamshangilia kama mchezaji.

"Nyie!" akapiga kelele katikati ya duka. "Mnanifanya mimi mpira? Huyu ananipiga kule, yule ananipiga huku, goli liko wapi?"

Kumbe Mpemba naye alikuwa ameandika karatasi ya kutuelekezea sisi. Mzee Jamnadas hakunikemea. Alinipa mwavuli wake, akasema, "Mtembeze mzee mpaka apate." Nilimwongoza yule mzee kwenye jua, mtaa kwa mtaa, nimemfunika mwavuli kama bibi harusi, wachukuzi wananizomea, "Kibao! Kibao, leo unatembea!" Kioo tulikipata duka la baiskeli, Mtaa wa Pemba. Jina likanikaa.

Kuanzia hapo, kila mwaka kabla ya Diwali, Mzee alipokuwa anasafisha duka, tulishusha kadi zote na kuzitembea. Tunatembea hasa, kwa miguu. Unaishika kadi kama vile wewe ndiye mteja, unaenda inakokuelekeza, unauliza, unashika bidhaa kwa mkono. Kama njia imevunjika, unaandika upya. Kama kadi inakupeleka kwenye kadi nyingine, unaifuta ya katikati, unampeleka mteja mwisho wa safari moja kwa moja. Msimfanyishe mtu ziara. Kompyuta ikizungushwa inachoka, sembuse mzee wa Rufiji.

Nikikaa sasa kibarazani kwangu Mbagala, zile siku za kutembea kadi ndizo zinazonirudia. Soko lilikuwa linanukia turubali jipya na karafuu. Mzee mbele na mwavuli, mimi nyuma na mfuko wa kadi, kila mlango anasimama, anasalimia, anakunywa kikombe cha kahawa. Nusu ya maduka yale leo ni maghorofa ya vioo. Nusu ya watu wale siwezi hata kuwaelekeza waliko.

Mzee alipoondoka duniani duka lilikaa na mwanawe, likasinzia, mpaka akaja mjukuu, Hetal. Msichana wa Upanga, ana haraka, ananipa shikamoo huku anapiga simu mbili. Ndiye aliyefungua duka la mtandaoni. Mwanzoni alifanya nilichokifanya mimi na koleo: bidhaa ikiachwa, anafuta ukurasa. Nikamwambia wateja wa mikoani wanapiga simu wanalalamika. Akabadilisha, akawa anawapeleka wote ukurasa wa mbele wa duka.

"Dada Hetal," nikamwambia, "mtu amekuuliza sindano, wewe unamshika mkono unamtoa nje, unamsimamisha anatazama bango la duka. Hiyo ni huduma?"

Akaniangalia sana. "Mzee Kibao, wewe ungefanyaje?"

Nikamweleza habari ya ukuta. Siku ileile akanipa kiti cha kuzunguka, kompyuta, na orodha ya kurasa zote zilizokufa. Kushoto anwani ya zamani, kulia unaandika anakopelekwa mteja. Akaweka na picha yangu kwenye tovuti, na chini yake: "Muulize Kibao." Mimi, wa dirishani! Niliivaa ile sifa kama koti. Nilikuwa napita kwenye vijiwe vya kahawa nasema, kipuri chochote kilichokufa tangu soko lifunguliwe, makazi yake yako humu, nagonga kichwa. Na kwa sababu yako humu, niliagiza fundi ang'oe misumari yote tupate nafasi ya rafu za maboksi. Kadi za Mzee nikazimwaga kwenye kopo la biskuti. Zile cherehani tatu tukaziuza kwa mtu wa hoteli, akaziweka mapambo.

Mnaona inapoelekea.

Siku moja ya Jumatano simu ikalia. Mama Somoe, fundi wa Newala, mtu wa kwetu, mteja wa ukuta tangu akiwa binti.

"Kaka'angu Kibao, umeniua."

"Nimekuuaje tena, dada'angu?"

"Kikopo cha bobini. Cha Tausi yangu nyeusi. Changu kilipasuka, nikabonyeza palepale ninapobonyezaga siku zote kwenye simu, nikalipa, mkaniletea kwa basi. Nimekitia, kimegoma. Nikakilazimisha, kimevunja sindano mbili. Kaka, shule zinafungua Jumatatu. Nina sare za watoto arobaini, nimeshazikata zote, ziko mezani hapa vipandevipande kama mihogo."

Kwa msiojua, kikopo cha bobini ni kile kichuma kidogo chini ya sindano kinachoshika uzi wa chini. Kikigoma, cherehani ni meza tu.

"Si uazime mashine ya jirani?" nikasema.

"Jirani mwenye mashine ndiye aliyekuwa anaitaka hii kazi ya shule. Mwalimu mkuu amenipa mimi mwaka huu kwa mara ya kwanza, akaniambia, Somoe, usiniaibishe. Sasa nimwambie nini?"

Nikamwambia nitamrudia. Nikafungua orodha yangu. Anwani ya zamani: kikopo cha Tausi nyeusi. Anakopelekwa: kikopo kipya cha cherehani ya umeme, kile tulichokuwa nacho maboksi mengi. Picha zinafanana kama mapacha. Nilikuwa nimeandika kwa jicho, nikaweka namba ya kuhama moja kwa moja. Wino! Bila kushona hata kipande cha kaki. Na ukurasa haukumwambia mama wa watu kwamba amehamishwa. Alibonyeza palepale, akaamini ni kilekile.

Hetal akauliza kutoka mezani kwake, "Nani huyo, Mzee?"

Sasa sikieni mtu mzima alivyosema. Nikasema, "Mama mmoja wa Newala. Ameagiza kitu siyo."

"Basi mwambie taratibu arudishe, na safari nyingine asome vizuri. Au nimpigie mimi?"

Akanyoosha mkono kuchukua simu. Kidole chake kilikuwa kimeshafungua namba ya Mama Somoe. Nikaona jinsi itakavyokuwa: mwanamke ana sare arobaini zilizokatwa, na sasa anaambiwa na binti wa tajiri kwamba hajui kusoma. Na picha yangu pale kwenye skrini inacheka, "Muulize Kibao."

"Usipige," nikasema. "Siyo yeye. Ni mimi. Nimeandika kadi bila kaki."

Hetal akaweka simu chini. "Bila nini?"

"Sikukijaribu. Nimewapeleka wote wa Tausi kwenye kitu kisichoingia. Nilidhani najua."

Nilitegemea maneno. Yeye akauliza swali moja, kwa sauti ya babu yake hasa: "Kinachoingia kiko wapi?"

Sikuwa najua. Mimi Kibao, mtaa mzima unanijua, sikuwa najua.

Nikashusha lile kopo la biskuti. Kadi mia na zaidi, zimechanganyika, kila moja ina tundu la msumari juu. Hetal akafunga kompyuta yake, akakaa nami chini, tukazipanga sakafuni moja moja. Yeye hajui maandishi ya babu yake yanavyolala, nikawa namsomea. Mchana ulikuwa umeingia tulipoiona. Wino, mstari chini: "Tausi nyeusi, kikopo. Hakuna mfano wake. Chukua kile kipya, mpelekee Seif fundi chuma, Jangwani, akichonge." Nikageuza. Kipande cha kaki kipo, kimefifia, na katikati yake mshono umenyooka kama reli.

Mzee alikuwa amekijaribu. Vile vipya vilipoanza tu kuingia, alikaa akatafuta njia, akaandika. Mimi nikaitia kwenye kopo la biskuti.

Nikashika kadi, nikatoka kwa miguu, kama mteja. Jangwani mvua ya wiki ile ilikuwa imeacha tope mpaka magotini. Pale alipokuwa Seif kuna gereji ya pikipiki. Kijana mmoja akanijibu bila kuinua kichwa.

"Fundi Seif? Mzee, huyo alihama mafuriko ya zamani huko. Yuko Kariakoo."

"Kariakoo wapi?"

"Kuna duka moja la Wahindi la vipuri. Nyuma yake, uchochoroni."

"Linaitwaje?"

Akanitajia. Lilikuwa duka letu.

Nilirudi na tope langu. Uchochoroni, hatua arobaini kutoka kwenye kiti changu cha kuzunguka, nyuma ya ukuta uleule nilioung'oa misumari, alikuwa amekaa Seif na tupa mkononi, nywele nyeupe, redio inaunguruma. Kumbe ule mlio wa tupa niliokuwa nausikia kila siku nikafikiri ni watu wa milango ya chuma, ulikuwa wake.

"Kibao!" akasema. "Nasikia siku hizi una kompyuta inayojua kila kitu kilipo."

"Fundi, niache."

"Nimekaa hapa miaka sita nasema, siku moja wataleta kikopo. Hamleti. Nikasema labda Tausi zote zimekufa. Jamnadas alikuwa anakuja mwenyewe na mwavuli." Akatazama miguu yangu. "Umetoka Jangwani kunitafuta?"

"Nimetoka Jangwani."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akakichukua kile kikopo kipya, akakigeuza kwenye mwanga, akaanza kupiga tupa kwenye shavu lake, taratibu, kama mtu anayenyoa mtoto. Alikuwa na Tausi yake kuukuu pembeni. Alikijaribu mara tatu, akakichonga mara tatu. Mara ya nne mashine ikaimba. Nikamwomba kitu.

"Una kaki?"

"Kaki ya nini?"

"Shona kidogo. Urefu wa kiganja."

Alhamisi alfajiri kikopo kilipanda basi la kusini, kimefungwa ndani ya kile kipande cha kaki. Mama Somoe alikipokea usiku, na Ijumaa asubuhi akapiga simu. Nikasema halo, hakujibu. Nikasema halo tena. Nikasikia mashine tu: trrrrrr, inasimama, trrrrrr. Alikuwa ameiweka simu mezani karibu na mashine, anashona. Nikamfanyia Hetal ishara, nikaiweka simu katikati yetu, tukasikiliza wote wawili mpaka salio lake likakata. Jumatatu alituma picha ya watoto wamepanga mstari, na maneno mawili: "Mwalimu ameridhika."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya siku nyingi na haina sifa. Tuliipitia orodha yote, ukurasa kwa ukurasa. Ule wa Tausi hauelekezi tena kwenye bidhaa yoyote. Unafunguka, unakwambia wazi: hiki hakitengenezwi tena, hakuna mfano wake, tunacho kipya kilichochongwa na Fundi Seif, na hii hapa picha ya mshono wake. Hiyo ndiyo ruhusa ninayowapa: si kila kilichokufa kina mrithi. Kama yupo anayefanya kazi ileile, mpeleke mteja kwake. Kama hayupo, mwambie. Msimpeleke kwenye kile mnachotaka kiishe stoo. Na mumjulishe kwamba amehamishwa, asidhani yuko palepale. Cherehani moja tuliirudisha kutoka kwa yule mtu wa hoteli, kwa kumbembeleza. Na kabla ya Diwali, Hetal na mimi tulikaa tukabonyeza kila linki ya zamani kama vile sisi ndio wateja. Yeye aliita ukaguzi. Mimi niliita kutembea kadi.

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Jicho lile lile nililokuwa najivunia, daktari anasema lina ukungu. Siku ya mwisho Hetal akaniuliza tufanye nini na ule ukurasa wenye picha yangu, maana watu bado wanaufungua kila siku.

"Usiufute," nikasema.

"Siufuti. Unaelekea wapi?"

Nikaandika namba ya simu yangu ya nyumbani. Wapi kwingine? Nani mwingine anajua?

Nilikaa Mbagala wiki moja, simu inalia, najibu kwa kubahatisha, siwezi hata kusoma orodha. Siku ya nane nikachukua simu ya mke wangu, nikabana pua, nikapiga dukani. Nikasema mimi ni fundi wa Tunduru, nataka kikopo cha Tausi nyeusi, nimeona kile kipya mnacho, nitumieni hicho hicho.

"Subiri, fundi," akasema Hetal. "Usinunue hicho. Hakiingii, kitakuvunjia sindano. Mashine yako ina ndege ubavuni? Anatazama kushoto au kulia?"

Mimi hilo la ndege kutazama kushoto sikumfundisha. Kalijua mwenyewe.

"Kushoto," nikasema.

"Basi hiyo ni ya zamani zaidi, Seif ataichonga tofauti. Mpe mpaka kesho. Na wewe, Mzee, ukipiga tena achia pua, utakosa pumzi. Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Halafu nikamwomba afungue ule ukurasa wangu, aondoe namba yangu, na aandike nitakachomtajia.

Akasema, "Nimefungua. Niweke kwa muda, Mzee, au moja kwa moja?"

"Andika: Kibao ameacha kazi. Muulize Hetal." Nikapumua. "Wino."